Maneno Niliyomsomea Shangazi

Jumapili, 9 Februari

Shikamoo Mzee Waya,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Barua yako ya mwisho kwa shangazi yangu, ile ya mwezi wa Oktoba, haikumfikia. Iliingia kwenye kompyuta yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele ya kompyuta ili nimsomee. Niliipitia kwanza kwa macho, kisha nikamsomea maneno ambayo wewe hukuyaandika. Niliyatunga palepale.

Hunijui. Mimi ni binti wa mdogo wake wa kiume, yule karani wa mahakama aliyepokea rambirambi zako. Nimemaliza shule mwishoni mwa mwaka. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiniuliza swali, wenzangu walikuwa wananijibia ili kipindi kiishe. Kuandika ndiko ninakojaribu kidogo, kwa hiyo nivumilie barua ikirefuka.

Baba alitusomea rambirambi zako mezani. Uliandika kwamba watu wa Ubao mtakutana mwezi ujao kumkumbuka Nukta, kama mlivyomwita shangazi, na mnaomba ruhusa ya kutundika ukutani picha yake ya mwisho, kwa sababu "alikuwa na jicho ambalo hatujaliona kwa mtu mwingine." Baba alilia. Mimi niliondoka mezani.

Mzee Waya, shangazi alikuwa haoni. Macho yalianza kufifia kwa pembeni, kama mtu anayefungiwa mlango taratibu, na miaka miwili ya mwisho hakubaki hata na mwanga. Nyumbani tulijua. Ninyi alitukataza kuwaambia.

Habari za Ubao alinisimulia yeye. Alisema ilikuwa kompyuta moja tu kwenye chumba cha nyuma cha duka la kupiga chapa, imeunganishwa na waya wa simu, na watu walipiga kutoka mbali kwa kompyuta zao, mmoja mmoja, kuacha maneno yao na kusoma ya wenzao, wakati ambapo wengi hawajasikia hata neno intaneti. Wewe ulishughulika na nyaya, yeye na picha. Kila aliyepiga alikaribishwa na picha ya shangazi iliyopangwa kwa herufi, nukta na vistari. Laini ilikuwa nzito, picha ikashuka mstari kwa mstari kama pazia, ndiyo maana kichekesho alikiweka mstari wa chini kabisa, ili mtu asikate simu mapema.

Picha hiyo ya mwisho tuliifanya wawili. Yeye alilala chali kwenye kochi, mikono juu ya tumbo.

"Mstari wa tisa. Nafasi kumi na mbili, mkwaju, kile kistari cha mshazari, nafasi tatu, kistari mara sita. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee. Hapana, umekula nafasi moja. Irudishe, mwizi wee."

Picha nzima alikuwa nayo kichwani. Chumba cha nyuma, meza, kompyuta iliyovuliwa kifuniko, na miguu ya mtu inayotokeza chini ya meza. Mstari wa mwisho ni kidole gumba kinachochungulia kwenye tundu la soksi. Miguu hiyo ni yako. Tulikutumia, akasubiri. Kila nikitoka shule swali lake lilikuwa moja: "Waya amejibu?"

Ukajibu hivi, nimeikariri: "Nukta, hii ni takataka. Mkono wako umekuwa mzito kama mguu wa meza. Miguu hiyo ni ya kiboko, na kiboko mwenyewe angekataa. Kalale."

Ningemsomeaje? Alikuwa amekaa wima kwenye kochi, amejifunga kitambaa kipya kichwani, kama mtu anayengoja mgeni.

Kwa hiyo nimekuandikia kuungama, na pia kwa sababu nimekukasirikia. Samahani kwa kusema hivyo kwa mtu mzima. Lakini kama picha ilikuwa takataka alipokuwa hai, kwa nini mnataka kuitundika sasa?

Ni mimi,
binti wa kaka yake Nukta


Jumatano, 12 Februari

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenikuta dukani nimesimama. Nikakaa juu ya kasha la betri, nikaisoma tena. Mteja mmoja ameondoka na redio yake bila kutengenezwa, akisema fundi amepatwa na shetani. Si mbali na kweli.

Haoni! Miaka miwili mwanamke ananiandikia "nimeona jinsi ulivyozeeka kwenye ile picha ya harusi yako," kumbe ameambiwa. Mwongo mkubwa. Nimecheka, halafu nikashindwa kuendelea kucheka.

Sasa nisikilize vizuri, maana inaonyesha hili hakukusimulia. Sisi watu wa Ubao hatusifiani. Mwanzoni alikuwapo jamaa mmoja, kila picha, kila shairi, anaandika chini yake "hongera, kazi nzuri." Siku moja Nukta akatundika picha iliyo tupu, nafasi tu kuanzia juu mpaka chini. Jamaa akaandika: "Hongera, kazi nzuri." Nukta akawaka. Akasema anayesifu hajaangalia, anayetukana ameangalia mpaka mwisho. Kuanzia siku ile ikawa sheria. Ukiipenda kazi ya mwenzako, itukane, na utukane kitu unachoweza kukinyooshea kidole. Hongera tulimwachia mtu ambaye kazi yake hatukuifungua.

Nilipoiona ile miguu nililia, mwanangu. Hiyo soksi ninaikumbuka. Aliichora kutoka kichwani baada ya miaka yote hiyo, na tundu liko kwenye mguu ule ule. Nikamwandikia neno kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Takataka hatumpi kila mtu.

Sasa niambie. Ulimsomea nini? Yaandike kama ulivyoyasema, usiyapambe.

Waya


Alhamisi, 13 Februari

Mzee Waya,

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara naona aibu mpya.

Nilimsomea hivi: "Ndugu Nukta, hongera sana kwa kazi nzuri. Picha yako imetugusa sote. Mungu akuzidishie kipaji."

Unaona nilichofanya. Nilichukua neno mnalompa mtu msiyemjali, nikampa shangazi yangu, nikaweka na sahihi yako.

Aliuliza tu, "Ameandika 'Ndugu'?" Nikasema ndiyo. Baada ya siku chache akaniomba nimsomee tena. Nilikuwa nimesahau nilivyosema mwanzo, nikaongeza kwamba umependa mwanga unaoingia dirishani. Akageuza uso.

"Dirishani? Chumba kile hakikuwa na dirisha."

"Ndivyo alivyoandika, shangazi."

Akasema, "Basi labda yeye ameliona." Halafu akaniomba nimletee maji, nikafurahi kwamba yamepita.

Mwezi wa Januari akalala na hakuamka. Hadi hapo picha nyingine hakuitaja. Nilidhani amechoka. Sasa najua pengine aliamini kwamba rafiki yake hakuifungua picha yake ya mwisho. Nilitaka kumkinga na maneno yako, kumbe ndiyo aliyokuwa akiyasubiri. Wewe umempoteza rafiki, na mimi nimekuharibia neno la mwisho uliloweza kumpa.

Sijui mtu hufanya nini baada ya kitu kama hiki. Kama hutaki kunijibu nitaelewa.

Binti wa kaka yake


Jumapili, 2 Machi

Mwanangu,

Kimya changu si hasira juu yako. Kuna mtu mwingine niliyekuwa nikigombana naye, anayevaa viatu vyangu. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Huyo mtoto unamwacha anaungua kwa sababu wewe unaona haya." Kwa hiyo na mimi naungama.

Nukta alinipigia simu mwezi wa Novemba.

Lazima kwanza ujue kwamba mimi nimeoa nikiwa na mvi, na mke wangu ni mwalimu. Wenzangu wa Ubao hawajanipa pumzi. Kila nikiandika sentensi iliyonyooka, wanasema mwalimu amesahihisha. Sasa simu inalia, ni Nukta.

"Waya, barua yako nimeipata."

"Na?"

"Tamu mno. Imenishinda kumeza. Sema kwa mdomo wako mwenyewe: ile miguu ilikuwaje?"

"Nimeshakuandikia. Ya kiboko."

Alicheka, mwanangu. Alicheka mpaka akakohoa, akaweka simu chini, nikasikia anatafuta maji, akarudi bado anacheka. "Na mkono je?" Nikamwambia mzito kama mguu wa meza. "Na yote kwa jumla?" Nikamwambia takataka, mara ngapi nirudie, umekuwa kiziwi? Akasema, "Hapana. Masikio ninayo." Sikuelewa alichotaka kusema.

Kisha akasema: "Huyo anayekuandikia barua siku hizi, usimkemee. Ana moyo mzuri. Kutukana ndiko hajui, lakini atajifunza."

Nikadhani ndiyo yale yale ya mke wangu. Siku hiyo sikuwa na nafasi ya utani, tulikuwa tumegombana asubuhi. Nikamwambia, "Nukta, nyumba yangu iache." Nikakata simu.

Hakupiga tena, na mimi nikasema simpigii, atapiga yeye. Tukaenda hivyo hadi baba yako aliponipa habari.

Sasa soma tena hayo maneno yake ukijua unachojua. Hakumaanisha mke wangu. Alikuwa ananiambia habari zako. Asingeweza kuniambia waziwazi bila kunieleza kwa nini anasomewa, kwa hiyo akapita njia ya mzunguko na mimi nikamfungia mlango. Alijua kuanzia lile neno "Ndugu." Tangu nimjue sijawahi kumwita ndugu. Na dirisha! Chumba kile nilikitoboa ukuta mimi mwenyewe kupitisha waya wa simu, na tundu halikupitisha hata kidole.

Neno langu alilipata, mwanangu. Alilifuata mwenyewe kwa simu. Hukumpokonya kitu. Kama ni deni la moyo, ni langu, mimi niliyekata simu.

Tunakutana Jumamosi ya tarehe 29, ukumbi wa shule ya jioni, nyuma ya duka langu. Mje wote.

Waya


Jumatano, 5 Machi

Mzee Waya,

Nimelia, halafu nikacheka, mama akagonga mlango kuuliza kama ninaumwa.

Nakumbuka siku hiyo ya Novemba. Nilirudi nikamkuta anacheka peke yake kwenye kochi, maji yamemwagika sakafuni. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Mambo ya watu wazima, chukua kitambaa ufute." Nikafuta, sikuuliza zaidi. Alijua, na bado aliniacha niendelee kumsomea barua zake zote. Hili bado sijui niliweke wapi ndani yangu.

Hebu usiiite deni. Alikujua kuliko unavyojijua. Alipokuwa akinitajia mistari ya miguu yako alikuwa anasema, "Tia kistari kingine hapo, huyu bwana ni mgumu kukunjika."

Tutakuja. Baba ameshapeleka koti kwa dobi. Lakini hajui sheria yenu na mimi sijui nitamwelezaje, maana nikianza kueleza itabidi nieleze yote. Nakuomba usinisimamishe niseme. Nitakaa karibu na mlango.

Binti wa kaka yake


Jumatatu, 31 Machi

Wewe wa karibu na mlango,

Mimi sikukusimamisha. Ulisimama mwenyewe, mashahidi ninao.

Kosa ni langu la kutomwonya baba yako. Yule mama mwenye duka la kupiga chapa aliposema marehemu alichora ng'ombe anayefanana na kabati, nikamwona baba yako anafunga vifungo vya koti. Yule rubani wetu mstaafu alipodakia kwamba kabati lingeona haya, baba akanyanyuka. "Jamani, mmetualika kuja kusikiliza dada yangu akitukanwa?" Watu wenye wajukuu wakawa wanatazama viatu.

Halafu kikasikika kisauti kama cha panya aliyebanwa na mlango. "Baba, kaa. Hawa wameziangalia picha zake." Ukaja mpaka mbele, ukanyoosha kidole kwenye picha. "Mstari wa kumi na saba umepinda. Nafasi moja imezidi. Kona ya meza inaning'inia hewani kama meza ya mlevi, na ninyi nyote mmekaa hapa tangu saa nane hakuna aliyeona. Ni takataka." Ukamwangalia baba yako, ukaanza kulia, ukamaliza: "Ni takataka kabisa."

Walivyopiga meza! Yule rubani alikuwa anafuta miwani kwa tai ya jirani yake. Nami nilitazama mstari wa kumi na saba, na kweli umepinda, nikajua vidole vya nani vilivyoupinda. Ulijitukana mwenyewe mbele ya watu na hawakujua. Nukta angekuandikisha siku hiyo hiyo.

Sasa simu hazikomi. Wanauliza yule msichana alijuaje habari ya mstari wa kumi na saba, na kwa nini picha ya mwisho ina mkono tofauti. Wanatengeneza ukurasa wa kumbukumbu, picha zake zote pamoja na maelezo, na wananitaka mimi niandike. Nami naona tuwaambie. Mwanamke asiyeona, amelala chali, anachora chumba cha ujana wake kwa kumtajia mtoto herufi moja moja! Ni ushujaa, mwanangu. Dunia nzima ingesimama kumpigia makofi. Na wewe pia jina lako lingekuwapo. Nikubalie tu, niandike.

Waya


Alhamisi, 3 Aprili

Mzee Waya,

Naomba usiandike.

Nimefikiri siku tatu jinsi ya kukueleza bila kukuvunja moyo, maana najua unataka kumheshimu. Lakini niliwaangalia wenzako siku ile. Yule mama wa duka alisogeza pua mpaka karatasini, akahesabu vidole vya ile miguu, kisha akatangaza kwamba vinne vingetosha. Mwingine alileta kiti, akapanda, aone kama waya uliopita juu ya mlango umekatika. Waliitazama picha kama watu wanaogombana nayo. Sikuwahi kuona mtu mzima akitazamwa hivyo baada ya kufa. Wengine wote waliokuja nyumbani walisema tu alikuwa mtu mwema, wakatazama saa.

Wakijua alikuwa haoni, hayo yatakwisha. Nani atathubutu kusema ng'ombe anafanana na kabati? Watasema maskini, watasema ajabu, watampigia makofi kama ulivyosema, na hakuna atakayefika mstari wa chini. Nilimuuliza mara moja, macho yalipozima kabisa, kwa nini hataki mjue. Akasema, "Watanisifu." Nilidhani ni mzaha. Nilikuwa mtoto. Sasa nadhani ndilo jambo pekee aliloliogopa.

Kuhusu jina langu, usijali. Kama nitaitundika kazi siku moja, nataka muitukane bila kujua ilianzia kwenye kochi la nani.

Baba hajambo. Njia nzima ya kurudi alishika mkono wangu kama nilipokuwa darasa la kwanza. Tulipofika mlangoni akatoa funguo, akasimama nazo, akaniuliza, "Hivi mimi nikifa, atapatikana mtu wa kunisema namna ile?" Nikamwambia anasoma mashtaka kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Alinitazama sana. Halafu akaanza kucheka, mama akatoka nje kuuliza nani amekuja.

Kwa hiyo andika maelezo, Mzee Waya, na uyaandike vibaya kama mlivyozoea. Waambie mkono ulikuwa tofauti kwa sababu alizeeka. Waambie mstari wa kumi na saba niliuona kwa sababu mimi ni mtoto mwenye kiburi. Wakikubana, geuza maneno, waulize habari za mke wako, watasahau.

Hili la macho tunalijua sisi wa nyumbani, na nje ya nyumba unalijua wewe na mkeo. Lisitoke hapo. Nakuomba, usimwambie mtu.

Ni mimi,
binti wa kaka yake Nukta